Waya wa Kahawia

Mwaka ulikuwa 2017, mwezi wa saba, siku ya Jumatano. Anga lilikuwa na mawingu mepesi, upepo haukuwapo, na ubaridi ulikuwa ule usiostahili koti lakini unaozidi uwezo wa shati. Saa ilikuwa moja kasorobo asubuhi. Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Kinyozi, pale njia mbili zinapokutana, na hukaliwa na watu walewale: Kinyozi mwenyewe, anayekata watu maneno zaidi ya nywele, Bima, aliyeuza bima nusu ya umri wake na hadi leo haamini kwamba kuna kitu kisichoweza kuungua, Muuza Kahawa na birika lake, na mimi, mstaafu wa ofisi ya takwimu, ambaye wameniita Takwimu hadi nikaitika. Hapo kijiweni bei ya kila kitu hutajwa kwa vikombe vya kahawa, kipimo nilichokipendekeza mimi na ambacho hakijatupotosha bado. Mbele yetu, asubuhi hiyo, lilisimama gari la jirani yetu Maabara, aliyekuwa msimamizi wa maabara ya shule. Wiki kadhaa nyuma alipaswa kumpeleka mkewe hospitali akatolewe mtoto wa jicho. Alipotoka alfajiri akakuta betri imeng'olewa usiku, na zamu ya mkewe ikapita. Akaapa kwamba jambo hilo halitamtokea tena. Akanunua king'ora cha gari, na Jumamosi akakifunga kwa mikono yake, sisi tukiwa washauri. Sasa zamu ya pili ilikuwa saa mbili asubuhi hiyohiyo. Gari lilikuwa limejifunga milango yote minne, taa ndogo nyekundu ikikonyeza juu ya dashibodi, na funguo zikining'inia ndani.

KINYOZI: Hebu rudia, Maabara, taratibu. Ulifanyaje?

MAABARA: Nimefungua kwa rimoti. Nimeingia, nimechomeka ufunguo. Nikatoka nifute kioo cha mbele, mlango nimeurudishia tu. Nikasikia kwaa! Kugeuka, limejifunga.

BIMA: Rimoti ya akiba iko wapi?

MAABARA: Kwenye pete ileile.

BIMA: Na ufunguo wa akiba?

MAABARA: Pete ileile.

KINYOZI: Ebo! Vyote pamoja?

MAABARA: Ili nisipoteze hata kimoja.

KINYOZI: Na kweli hujapoteza. Vyote tunaviona hapa.

BIMA: Msimcheke mwenzenu. Akiba haiozi.

Maabara alitoa mfukoni kitabu cha maelekezo, akanipa, kwa kuwa miwani yake nayo ilikuwa garini. Nilisoma kwa sauti. Kitabu kilieleza kwamba gari likifunguliwa kwa rimoti, na king'ora kisihisi mlango wowote ukifunguliwa kwa muda wa nusu dakika, kitaamini kuwa rimoti ilibonyezwa kwa bahati mbaya, nacho kitafunga tena milango yote. Kilieleza pia kwamba habari za mlango hukifikia kwa waya wa kahawia.

KINYOZI: Wa rangi gani?

MIMI: Wa kahawia.

Jumamosi, kazi ilipokwisha na boneti kufunikwa, waya mmoja wa rangi hiyohiyo ulibaki mkononi mwa Maabara bila pa kwenda. Bima alisema hakuna mashine inayouzwa bila kipuri cha ziada. Kinyozi akauzungushia utepe mweusi, akausukuma nyuma ya dashibodi kwa mpini wa kitana. Maabara, aliyekataza wanafunzi miaka yote ile wasiguse kitu kabla ya kusoma maelekezo, aliridhika, kwa sababu kahawa ilikuwa imeshamiminwa.

BIMA: Mimi nilisema wa ziada. Sikusema msiuunge.

KINYOZI: Ulisema mwenye busara hubakiza!

BIMA: Chakula, bwana! Nilikuwa naongelea chakula.

MAABARA: Jamani, saa inakwenda. Fundi wa kufuli nimempigia, anasema atakuja saa tatu, si kabla.

KINYOZI: Basi niwaambieni ukweli. Si waya. Ni mimi.

BIMA: Wewe umefanya nini tena?

KINYOZI: Ile mashine yangu mpya ya kunyolea. Nimeiwasha kuijaribu, vuuum, na palepale gari likasema kwaa. Zinasikilizana zile. Ngoja niiwashe tena, pengine itafungua.

Akaingia dukani kwake, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena. Gari halikujibu. Alirudi akisema penye nia pana njia, akajaribu kupenyeza vidole juu ya kioo cha dirisha. Njia haikuwapo.

BIMA: Nyie watoto wadogo. Mmewahi kujiuliza nani anatengeneza ving'ora? Wezi. Kampuni ni moja. Mchana wanakuuzia king'ora, usiku wanakuja na rimoti ya tatu ambayo hukupewa. Hapo lilipo linamsubiri mwenye rimoti ya tatu.

KINYOZI: Basi aje haraka, tumwombe atufungulie.

MUUZA KAHAWA: Mimi naona limekasirika.

BIMA: Nani kakasirika?

MUUZA KAHAWA: Gari. Limekaa na huyu bwana miaka ishirini na mbili, halijawahi kumkimbia. Leo analitia kengele kama mfungwa. Hata ningekuwa mimi, ningejifunga.

MAABARA: Nitavunja kioo.

BIMA: Thubutu! Ukivunja kioo chako mwenyewe hakuna bima duniani itakayokulipa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

KINYOZI: Na likianza kulia? Betri umeifungia chini ya boneti, na boneti inafunguliwa kwa ndani. Tena king'ora chenyewe kina kibetri chake tumboni. Kitalia mpaka Ijumaa.

Maabara alisimama ameshika kitambaa cha kufutia kioo. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba hakuwa akifikiria gharama. Alikuwa amemwahidi mkewe kwamba safari hii atamfikisha yeye mwenyewe, kwa gari lake, bila kuomba mtu. Na kila dakika ilivyopita, ahadi ile ilizidi kugeuka kuwa ya mwezi mwingine.

Ndipo Shemeji, ndivyo sote tumwitavyo mke wa Maabara, alipotoka nyumbani kwao, mkoba begani, kiganja kimoja kikipapasa ukuta. Katika miaka yote ya kijiwe chetu hakuwahi kufika kwenye benchi. Alitutambua kwa sauti zetu.

SHEMEJI: Hamjambo, shemeji zangu?

Tuliitikia hatujambo, kila mmoja kwa wakati wake.

SHEMEJI: Baba watoto, gari limekuwaje?

MAABARA: Limejifunga, mama. Subiri kidogo, tunalitafutia njia.

SHEMEJI: Kadi ya hospitali ninayo mimi, imo humu mkobani. Miguu ninayo. Barabara kubwa ile pale, nasikia magari ya kukodi yakipita. Sasa tunasubiri nini?

Kinyozi alitazama kitana chake. Mimi, niliyekuwa na kitabu mkononi, nilifungua ukurasa uliofuata, ambao haukuwa na jibu. Maabara aliweka kitambaa juu ya boneti, akaupokea mkoba, akamshika mkewe mkono. Walipofika kwenye kona aligeuka.

MAABARA: Mwizi akija, mwambieni funguo ziko ndani.

Walirudi kwa gari la kukodi jioni, Shemeji akiwa na jicho moja limefunikwa kwa pamba nyeupe na plasta. Zamu waliiwahi. Fundi wa kufuli, aliyeahidi saa tatu, alikuwa bado hajafika. Gari lilikuwa palepale. Mchana kutwa halikuguswa na mtu. Maabara alimkalisha mkewe kwenye benchi kando yangu, akaokota jiwe, akaliviringisha kwenye kile kitambaa, akavunja kioo kidogo cha nyuma. King'ora kilipiga ukelele ambao, kwa makadirio yangu, ulifika hadi hospitali walikotoka. Niliangalia mtaa wote. Hakuna pazia lililosogea. Hakuna mlango uliofunguka. Mtu aliyepita na ndoo alivuka upande wa pili bila kugeuza shingo. Kutoka ndani ya duka lake, akiendelea kunyoa, Kinyozi alipaza sauti:

KINYOZI: Maabara, zima hilo dude!

Hakuwa amechungulia kujua kama ni Maabara.

SHEMEJI: Kumbe ndivyo watu wanavyoibiwa.

Maabara alipenyeza mkono, akafungua mlango, akaifikia ile pete, akabonyeza rimoti. Kimya kiliporudi, aliketi nasi, na Muuza Kahawa akammiminia.

Siku mbili baadaye jicho lilifunuliwa. Asubuhi Shemeji alikuja tena, safari hii bila kupapasa ukuta. Alituangalia mmoja mmoja, akaoanisha nyuso na sauti. Bima alimwambia kwamba huenda yeye Bima ni mnene kuliko Shemeji alivyodhani, na Shemeji akajibu kwamba hakuwahi kudhani vinginevyo. Kisha akalizunguka gari. Alitazama kutu iliyokula kingo za milango, taa ya nyuma iliyoshikiliwa na gundi, rangi ambayo yeye aliikumbuka kuwa bluu. Alitazama kwa umakini wa mtu aliyelipiwa macho.

SHEMEJI: Hili ndilo mlilokuwa mnalilinda?

KINYOZI: Maabara, jibu. Gari lako.

MAABARA: Bima, wewe ndiye mtaalamu wa mali.

BIMA: Takwimu amesoma kutuzidi wote.

Niligeukia birika. Muuza Kahawa aliliinamisha, likatoa matone, kisha halikutoa kitu.

Kwa kuwa swali hilo sikuweza kulijibu, nilijibu lile ninaloliweza, la gharama. Jicho sikulitia katika hesabu, maana halikutokana na gari. King'ora, vikombe mia nne na ishirini. Nyaya, utepe na bisibisi, thelathini na vinane. Gari la kukodi kwenda na kurudi, arobaini na vitano. Kioo kidogo cha nyuma, mia moja na kumi. Jumla: vikombe mia sita na kumi na vitatu.