Waino Saarela, Aliyekataa Kukisia

Marehemu Waino Saarela alizaliwa tarehe 14 Februari 1956 mjini Hibbing, Minnesota, kitinda mimba wa mchimba chuma Eino na mkewe Hilja. Alisoma hapo hapo Hibbing, kisha Duluth, alikohitimu hisabati mwaka 1978. Dada yake Lempi anaapa kwamba alikuwa mbishi tangu anajifunza kuongea.

Kwa miaka thelathini alitunza kompyuta za maktaba. Alitengeneza programu ya kuweka programu nyingine kwenye mashine za Linux, na Linux, kwa wasioijua, ni ukoo mkubwa wa mifumo ya kuendeshea kompyuta: Debian, Ubuntu, Fedora na wengine chungu nzima, kila mmoja na mahitaji yake. Mwanzoni programu yake ilichungulia tu. Ikiona faili la Debian, inasema hii ni Debian. Kumbe hata Ubuntu hubeba faili hilo, urithi wa mzazi wake! Novemba 2012 mashine arobaini za Ubuntu ziliwekewa vitu vya Debian, zikazimika siku moja. Jamani, aliona haya. Akaiandika upya, isome faili la os-release, ambamo mfumo wenyewe hutaja jina lake, na pengine ukoo unaofanana nao. Jina likiwa geni, itazame ukoo. Na huo ukikosekana, iseme "sijui" na isimame. "Usikisie, uliza," alituambia hata mezani, mdomo umejaa mkate wa iliki.

Tarehe 6 Juni 1987 alimwoa mama yangu, Noreen, aliyekuja na mimi, Delphine, nikiwa na miaka tisa. Sikufanana na baba huyu mpya hata chembe. Kwa kiburi changu nilimwita Waino miaka yote, wala hakuwahi kulalamika.

Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Siku moja muuguzi alinizuia mlangoni mwa wodi, akanitazama, akatazama jina langu kwenye daftari la wageni.

"Samahani, mama, wanaoruhusiwa kuingia ni ndugu tu. Wewe si rafiki wa familia?"

Sauti ikatoka kitandani: "Muuguzi, usikisie. Muulize."

Akaniuliza. "Mimi ni binti yake," nikasema, mara ya kwanza maishani.

Waino alicheka hadi akakohoa. "Haya, umesikia mwenyewe. Mwache mwanangu aingie."

Alifariki siku nne baadaye, tarehe 3 Machi 2024, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono.

Ameacha mjane, Noreen, dada, Lempi, na binti mmoja. Waliochapa kijitabu hiki cha mazishi mlicho nacho mkononi waliandika "binti wa kambo", bila kuniuliza. Nimeyafuta maneno "wa kambo" kwa kalamu, nakala zote mia mbili.

Pumzika kwa amani, baba.