Mjomba na Dawa Isiyotaka Pupa

Mjomba anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba chetu cha upasuaji wa moyo. Ni muuguzi wa dawa za usingizi. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi, likaganda; leo hata wagonjwa wanaomzidi mvi humwita Mjomba.

Sifa yake imetokana na kazi ya mwisho wa upasuaji, wakati wengine wameanza kuwaza chai. Moyo unaposimamishwa, damu huzungushwa na mashine, na ili isigande humo mgonjwa hupewa heparini. Moyo ukisharudi kupiga, heparini huzimwa kwa protamini, la sivyo damu haikatiki. Lakini protamini ikiingia kwa pupa, presha huanguka. Ikiingia wakati mashine bado inanyonya damu kifuani, damu hugandia humo, na mgonjwa akizidiwa hakuna mashine ya kumrudishia.

Kwa hiyo Mjomba hutangaza, “Naanza,” kisha hungoja fundi wa mashine ajibu, “Nimefunga.” Bila jibu, hakuna dawa. Siku moja fundi alikaukiwa sauti kwa mafua, akagonga trei badala ya kujibu. Mjomba hakuridhika, alizunguka meza kwenda kujionea mwenyewe. Daktari wetu wa upasuaji, ambaye hakujaliwa subira, husema ukimpa Mjomba pikipiki ataisukuma. Mke wa Mjomba anashangaa: “Huyu huyu? Nyumbani anakula kama anafukuzwa!”

Utani huo ulikatika siku ya fundi cherehani mmoja, mama wa watoto watatu, aliyekuja kubadilishiwa vali. Mjomba alipomhoji kabla ya upasuaji, alibaini kwamba kwa miaka mingi mama huyo alijidunga aina ya insulini yenye protamini ndani yake. Mwili uliozoeshwa hivyo unaweza kuipokea dawa kwa vita. Alimweleza daktari, wakakubaliana dozi ya kwanza iwe ndogo mno na mashine ikae tayari.

Dozi hiyo ilipoingia, presha ilishuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Mjomba alisimamisha dawa na kupaza sauti. Kwa kuwa heparini ilikuwa bado inafanya kazi, mashine iliwashwa tena. Moyo ulipumzika, ukapata nguvu, ukajitegemea. Protamini haikurudiwa. Mama aliongezewa plazma, daktari akakibana kifua kwa shashi, na wote wakangoja heparini iishe yenyewe, macho kwenye chupa inayopokea damu kutoka kifuani. Daktari alivuta kigoda akakaa, jambo ambalo hatukuwahi kuliona kabla, na hakutaja pikipiki. Damu ilipungua, hatimaye ikakatika.

Siku chache baadaye mama huyo alijitazama kifua kwenye kioo cha wodini. “Mjomba, nani kanishona hivi? Mwambie aje dukani nimfundishe.” Mjomba alifikisha ujumbe huo kwa daktari, mbele yetu sote, bila kupunguza neno.

Mjomba, asante kwa mioyo yote uliyoturudishia ikipiga. Tunakuombea siku ndefu, usingizi usio wa dawa, na moyo wako mwenyewe usitufikie mezani kamwe.