Bi Pua Anaiaga Maabara ya Mrehani

Ijumaa hii, tarehe 28, fundi mkuu wa maabara yetu ya mimea ya dawa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Tuliomzoea tunamwita Bi Pua, na hachukii.

Jina alijipatia mwenyewe. Hufungua chupa ya mafuta ya mrehani, akanusa mara moja, akataja kemikali zilizomo: eugenoli nyingi, linaluli kidogo. Mashine huchukua dakika arobaini kusema hayo hayo. Tunakumbuka alikosea siku moja tu, kumbe alikuwa amenusa marashi ya mhasibu aliyesimama nyuma yake.

Alianza kwa kuosha vyombo, akajifunza kukeneka mafuta ya majani kwa mvuke, na mwishowe akawa mwalimu wetu sote. Ni yeye aliyeonyesha kuwa mafuta yale yanaua bakteria kwenye visahani vya maabara. Habari zilipoenea, watu walijaa getini.

Miaka kumi na miwili iliyopita mdogo wake aliugua saratani. Mume wa mdogo wake alikuja hadi mlangoni kwetu.

"Shemeji, chupa moja tu. Si mmesema inaua?"

"Inaua bakteria kwenye kisahani," alimjibu. "Saratani hatujapima, na mafuta yakizidi yanaharibu ini. Asiache dawa za hospitali, nakusihi."

Shemeji aliondoka bila kuaga. Akapata mafuta kwingine, na mgonjwa akaacha dawa. Baada ya miezi minne tulikwenda kuzika. Pale makaburini shemeji alisema mbele ya watu wote, "Mafuta yako safi yangemponya. Umemnyima."

Jumatatu Bi Pua alikuwa kazini, macho mekundu, akipima mafuta yale yale kwenye seli za ini, tone kwa tone. Alipima kwa miaka mitatu. Onyo lililobandikwa kwenye kila chupa inayotoka hapa aliliandika yeye, kwa maneno ambayo hata mgonjwa aliyechoka atayaelewa.

Shemeji tumempelekea mwaliko wa Ijumaa. Hadi tunachapa jarida hili hajajibu. Bi Pua ameuliza mara mbili, kisha akaendelea kufuta meza.

Bi Pua, asante kwa kutufundisha kusema hatujui pale tusipojua, hata kwa watu tunaowapenda. Nenda salama, upumzike, na mlango wako upate hodi unayoingoja.