Pumzi za Bibi Mzigo: Maisha ya Mama Geuka

Familia ilipokaa kugawana shughuli za msiba huu, kila mtu alichukua yake, na kazi ya kuandika wasifu ikamwangukia mdogo wa marehemu. Aliipokea kwa shingo upande. Ndiye anayewasomea sasa, na anaomba mapema kwamba akinyamaza katikati mmpe muda kidogo, kwani amejaribu kuusoma nyumbani mara nne na hajafika mwisho hata mara moja.

Marehemu, ambaye kazini walimwita Mama Geuka kwa sababu mtakayoisikia, alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1981. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa baba karani wa posta na mama muuguzi. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, redio moja na maboksi matupu ya posta yasiyokwisha. Alipofika miaka tisa aliyakata maboksi yale, akachora miraba kwa kalamu ya risasi, na kuanza kumchezesha mdogo wake michezo aliyoitunga mwenyewe. Mdogo wake alishindwa kila siku, na kila siku alilia. Dada mtu akaona ampe mwenza wa safari: kifuniko cha chupa ya soda. Ukibaki nyuma, kifuniko kinabaki nawe. Basi siku moja kifuniko kikaangukia kwenye mraba wa mto, na sheria ya mchezo ikasema kimekwenda na maji. Mtoto alilia kwa kwikwi mpaka chakula kikapoa.

"Unalilia nini wewe? Si kifuniko tu!" mama yao alimkaripia.

Marehemu hakucheka. Alikuwa ameketi, anamtazama mdogo wake usoni. Miaka mingi baadaye alimwambia kwamba kazi yake yote aliianza jioni ile, alipoona mtu anakililia kipande cha bati kisicho na macho wala mdomo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1988 hadi 1994, kisha sekondari, na mwaka 2003 alihitimu stashahada ya programu za kompyuta katika chuo cha ufundi. Hakuwa mwanafunzi wa kujivunia, na yeye mwenyewe angekasirika kama tungewadanganya hapa. Mwalimu wake wa hisabati aliwahi kumnyang'anya madaftari matatu yaliyojaa ramani za mahandaki na majumba. Alimrudishia mwisho wa mwaka, na pembeni ya ramani ya mwisho alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Huyu mlinzi wa mlango wa tatu anapitwaje?"

Mwezi Juni 2005 aliajiriwa katika karakana ya michezo ya kompyuta, ghorofa ya tatu juu ya duka la vioo. Walikuwa sita, wakigombania upepo wa mapangaboi mawili. Huko alijulikana kwa namna yake ya kufanya kazi. Mchezo ukifika pa kujaribiwa, alikuwa akimleta mtu yeyote, mama wa dukani au dereva aliyeleta mzigo, akamkalisha mbele ya kompyuta. Wenzake walikodolea kioo macho. Yeye alivuta kiti akakaa upande wa pili, akimtazama mchezaji, karatasi mkononi, akihesabu mara ngapi mtu yule anamrudisha mhusika wake nyuma kumwangalia mwenza anayemfuata. "Amegeuka?" ndilo swali lake pekee. Mchezaji asipogeuka, kazi ya miezi mitatu ilirudi mezani, na hakuwa na simile katika hilo.

Swali hilo ndilo lililomgombanisha kila siku na mchoraji mkuu, kijana ambaye marehemu mwenyewe alimpa jina la Majani. Majani alitaka kila unyasi uyumbe peke yake upepo ukivuma. Kompyuta nayo ina kifua chake. Ukiitwisha nyasi elfu kumi zinazoyumba, haibakiwi na nguvu ya kumfanya mwenza akumbuke kwamba jana ulimwacha mtoni.

"Mama Geuka, picha ndiyo inayomleta mtu mlangoni," Majani alikuwa akilalamika.

"Haya, ameingia. Nyasi zako zinamjua? Zitamwuliza mbona jana hukuja?"

Mwishowe walipatana kwamba nyasi zitulie pale tu mwenza anapozungumza. Majani alinuna wiki nzima, halafu akakiri kwamba utulivu ule ulimfanya mtu asikilize. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi kwa miaka ishirini, kwa kununiana.

Kuna aibu moja ambayo lazima itajwe, kwa sababu mengine yote yametoka hapo. Desemba 2008 walitoa mchezo wa msafiri na punda wake. Mwishoni punda anachukuliwa na mafuriko, na hapo mchezaji alitakiwa alie. Badala ya mlio wa punda, ikatoka sauti kavu ya fundi sauti: "Hapa weka kilio cha punda, nitarekodi Jumatatu." Jumatatu yenyewe ilikuwa imepita na kusahaulika. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na marehemu hakutoka nyumbani siku mbili. Aliporudi aliweka kanuni: kila kitu cha muda kiandikwe YA MUDA, na kazi ya kudumu ikishapatikana, kile cha muda kifutwe kila mahali Ijumaa saa kumi jioni, bila nakala. Alisaini mwenyewe, akaibandika ukutani.

Punda huyo huyo ndiye aliyemletea mume. Fundi wa friji alikuja kutengeneza friji ya ofisini, akakalishwa ajaribu mchezo, na akamgeukia punda mara kumi na tisa. Marehemu alimpigia simu mdogo wake akiwa bado kazini: "Nimempata mtu. Ananuka gesi, lakini nimempata." Walifunga ndoa tarehe 7 Agosti 2010, na tarehe 3 Mei 2014 walijaliwa binti mmoja.

Mchezo wake wa mwisho ulimhusu mtoto anayevuka mlima kwenda nyumbani akisindikizwa na mama mtu mzima, Bibi Mzigo, aliyejitwika furushi kichwani. Njia ina ngazi mia mbili na kumi na mbili. Ukikimbia, Bibi Mzigo anabaki nyuma akihema. Ukibonyeza kitufe kimoja anakushika mkono. Ukibonyeza kingine anatua furushi, anaketi, na kuhema kwake kunapungua polepole mpaka kunyamaza. Waigizaji hurekodi sauti mwishoni, maneno yakishatulia, kwa hiyo marehemu alimwazima Bibi Mzigo sauti yake kwa miaka miwili: maelekezo, matani, nyimbo za kubembeleza, maneno elfu moja na mia nne. Binti yake alikua akiyasikia yale maneno sebuleni, mama akiyajaribu huku anakuna nazi.

Februari 2024 mwigizaji alikuja akarekodi, na alifanya vizuri. Ijumaa tarehe 15 Machi, saa kumi jioni, marehemu alifungua sauti yake mwenyewe iliyoandikwa YA MUDA, akaifuta yote kwa mkono wake. Aliporudi nyumbani alisema amefanya usafi, nafasi imepatikana, Majani sasa anaweza kuongeza mvua.

Mwezi Mei ulimi ulianza kuwa mzito. Tulimtania kwamba amelewa chai. Tarehe 22 Julai 2024 daktari alitaja ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, akasema utachukua sauti, halafu mikono, halafu pumzi. Aliuliza kama kuna sauti yake ya zamani iliyohifadhiwa, ili siku za mbele kompyuta iweze kumsemea kwa sauti yake mwenyewe. Shemeji alimtazama mkewe. Marehemu aliinamisha kichwa, na mdogo wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, hajawahi kumwona mtu akizeeka kwa dakika moja kama alivyomwona dada yake pale.

Tulitafuta kama wendawazimu. Marehemu alichukia kuacha ujumbe wa sauti, sikuzote aliandika. Mkanda wa harusi ulikuwa umefunikwa muziki mwanzo hadi mwisho, midomo inacheza tu. Simu ya zamani ya shemeji ilikuwa imetumbukia kwenye tangi la maji. Fundi sauti alifungua kila kompyuta ya karakana, akarudi mikono mitupu, kwa sababu kwa miaka kumi na tano kanuni ile ilifuatwa na kila mtu, bila kosa. Kufikia Januari 2025 marehemu hakuweza kusema neno linaloeleweka. Binti alikuwa akimwuliza jambo, na mama anajibu kwa kutazama herufi kwenye ubao, moja moja, na mtoto anazisoma kwa sauti yake yeye. "Mama mdogo," alimwambia mama yake mdogo, "nimeanza kuisahau. Nikimkumbuka anaongea, anaongea kwa sauti yangu." Mdogo wa marehemu alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Aliingia bafuni akafungulia bomba ili asisikike.

Mchezo ulitoka tarehe 2 Mei 2025. Binti aliucheza sebuleni, karibu na kitanda tulichokuwa tumemhamishia mama yake. Alipofika kwenye ngazi alisimama. Akashuka, akapanda tena.

"Huyu ni Mama," alisema.

"Huyo ni mwigizaji, mwanangu," baba yake alimjibu taratibu.

"Anapoongea, ndiyo. Anapohema ni Mama."

Tulidhani ni uchungu. Mdogo wa marehemu alimpigia Majani simu kumwuliza. Kesho yake Majani alikuja, akasimama miguuni pa kitanda kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alieleza kwamba mwigizaji alihema vizuri, lakini kuhema kwake hakukuendana na mabega ya Bibi Mzigo. Mabega yale Majani aliyachora akimtazama Mama Geuka akipanda ngazi za duka la vioo kila asubuhi. Kwa hiyo alizificha pumzi alizorekodi Mama Geuka kwenye faili la sauti za nyayo, bila kuandika YA MUDA, na hakumwambia mtu.

Marehemu alitazama ubao. Binti akasoma: U, M, E, V, U, N, J, A. Kisha: K, A, N, U, N, I. Majani alifunika uso kwa mikono. Tulimwomba atafute zaidi, tukamsihi, hata neno moja, hata jina la mtoto. Alitafuta wiki mbili. Hakuna neno. Kuna pumzi sita tu za kupanda, na moja ndefu ya kuketi.

Kuanzia hapo mtoto alimpandisha Bibi Mzigo zile ngazi kila siku baada ya shule, juu na chini, juu na chini, huku kitandani pumzi zenyewe zikipungua. Kile kitufe cha kumketisha hakukigusa. Tulimwambia apumzike. Alituuliza, "Akinyamaza je?"

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani, shemeji akiwa amemshika mkono wa kulia na mdogo wake wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, miezi mitano na siku ishirini na sita. Tangu saa ile nyumba ilijaa watu, viti vikaletwa, na katikati ya yote hayo chumba cha binti kiliendelea kutoa mhemo wa mtu anayepanda.

Ameacha mume, fundi wa friji. Binti mmoja mwenye umri wa miaka kumi na moja. Mama mzazi, muuguzi mstaafu. Mdogo wake mmoja, anayewasomea. Wenzake watano wa karakana, akiwemo Majani, ambaye familia imemwomba akae nasi mbele. Kanuni ile Majani aliibandua ukutani juzi.

Leo saa moja asubuhi, kabla ya kuja hapa, binti alimwita mama yake mdogo chumbani. Bibi Mzigo alikuwa juu kabisa, ngazi ya mia mbili na kumi na mbili. Mtoto alikuwa ameweka kidole kwenye kile kitufe. Akabonyeza. Bibi Mzigo akatua furushi, akaketi. Nyasi zote zikasimama, jinsi marehemu na Majani walivyopatana. Tukamsikia dada yangu akihema, mara ya kwanza kwa nguvu, kisha polepole, kisha polepole zaidi, mpaka hatukusikia tena.

"Ametua, mama mdogo," mtoto alisema. "Nimemgeukia, na ametua."

Basi nasi tusimpandishe tena. Aketi, mzigo wake ukiwa chini, apumzike kwa amani.