Siku Kikapu Chekundu Kitakaposhuka

Mpaka leo Pindo hajui ni nani aliyekuwa akilizungusha gurudumu. Bustani ya bembea ilikuwa imefungwa kwa sababu ya maradhi, lango limetiwa mnyororo, farasi wa mbao wamefunikwa maturubai, na gurudumu kubwa la kupandia watu limesimama juu ya mapaa kama saa iliyokufa. Lakini kila baada ya siku kadhaa, akifungua dirisha la jikoni asubuhi, alikuta kikapu chekundu, kimojawapo cha vikapu vyake vya kukalia, hakiko pale alipokiona mwisho. Kilikuwa kileleni, sasa kimeteremka kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi kwa kunyata. Umeme ulikuwa umekatwa. Mlinzi aliapa hajagusa kitu. Upepo? Mwaka ule hata majani ya miti yalikuwa mavivu.

Lingekuwa jambo la kustaajabu na kupita, lakini Pindo alikuwa amemwahidi mjukuu wake kwamba siku kikapu chekundu kitakaposhuka mpaka chini, watakwenda kupanda. Aliahidi kwa ujanja wa watu wazima. Kikapu kilikuwa juu na gurudumu limefungwa. Ahadi ya namna hiyo ni sawa na kumwambia mtoto utamnunulia ng'ombe wa kwanza atakayeota mbawa. Kisha ng'ombe akaanza kuota mbawa.

Sasa bustani ilikuwa imefunguliwa tangu wiki iliyotangulia, na kikapu chekundu kilishuka na kupanda kutwa nzima. Mtoto hakulia wala hakudai. Alisema tu, akiwa dirishani: "Babu, kimeshuka." Ndiyo maana Jumatatu ile Pindo alifunika cherehani mapema, akatoka dukani kwake, akaenda kukaa kijiweni.

Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, ng'ambo ya barabara, ukitazamana na lango kuu la bustani. Juu ya ubao bado zipo alama za rangi nyeupe zilizopigwa wakati wa maradhi ili watu wakae mbalimbali. Siku hizi hazionekani kwa kuwa zimekaliwa. Kahawa huuzwa na mama mmoja ambaye wote humwita Shangazi, ingawa si shangazi wa yeyote. Sheria za pale ni mbili: shauri halifungwi mpaka birika likauke, na aliyeleta shauri ndiye atakayelitekeleza. Siku hiyo walikuwepo Takwimu, karani mstaafu ambaye hawezi kusema neno bila asilimia, na Breki, aliyekuwa dereva wa lori, na ambaye hukanyaga breki kabla kona haijaonekana.

— Nina shauri, Pindo alisema, akipokea kikombe.

— Kama ni la suruali yangu, nilikwambia ipunguze kiuno, si miguu, Takwimu alisema.

— Ni la mjukuu. Kikapu kimeshuka.

Hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Habari ya kikapu waliijua, walikuwa wameicheka mwaka mzima.

— Sasa unataka tukuambie nini? Breki aliuliza. Uende au usiende?

— Lini. Nataka mniambie lini.

— Ngoja. Subira yavuta heri.

— Na pindo je, linavutwa na nini? Pindo aliuliza.

Hilo nalo walilijua. Jina lake alilipata kwa tabia yake ya kuacha kitambaa kingi kwenye upindo wa nguo za watoto, ili mtoto akikua nguo ikue naye. Kabla ya maradhi alimshonea mjukuu gauni la manjano la kwenda kupandia gurudumu. Bustani ikafungwa. Mtoto akarefuka, Pindo akafumua upindo, akashusha. Akarefuka tena; akashusha tena. Sasa gauni lilikuwa limetundikwa msumarini, limefika mwisho wa kitambaa, na magoti ya mtoto yako nje. Ukimwambia fundi kama huyo asubiri, unamwambia ashushe kitu ambacho hakipo.

— Mshonee jingine, Breki alisema.

— Hataki jingine. Anasema jingine halijaahidiwa.

— Mtoto huyo atakuwa hakimu, alisema Shangazi.

Takwimu alikohoa kusafisha koo. Wote wakamtazama. Akaweka mkono kifuani.

— Kahawa tu hii, jamani. Sikilizeni. Asilimia kubwa ya busara ni kuwatanguliza wengine. Waacheni wajinga waende kwanza. Wakirudi salama, werevu tufuate.

— Na kama wajinga nao wamekaa kijiwe chao, wanangoja werevu?

— Shangazi, wewe mimina tu.

— Namimina. Nauliza tu huku namimina.

— Lakini kwenda ni lazima aende, Breki alisema kwa masikitiko. Ameshaahidi. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

— Kwa hiyo akapande gurudumu bila nguo?

— Takwimu, hiyo ni methali.

— Najua ni methali. Nauliza matumizi yake.

— Basi chukua nyingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Kikapu kiko juu, Breki.

— Basi ainuke. Methali ni ileile.

Ng'ambo ya barabara muziki wa farasi wa mbao ulianza, ukakatika, ukaanza tena. Watu walikuwa wachache langoni: mama na vijana wake, wanandoa wawili wanaotazamana kama watu waliotoroka kazini. Nusu yao walivaa barakoa, nusu wamezishusha kidevuni, na mkata tiketi amevaa mbili. Pindo aliwatazama bila kumlaumu mtu. Aliona kila mmoja amefanya hesabu yake usiku, na hesabu hizo hazifanani.

— Mimi naona hatari iko kwenye farasi, si kwenye gurudumu, Takwimu aliendelea. Kirusi ni kitu kizito. Kinakaa chini. Ukishapanda juu umekiacha.

— Umepima?

— Ni akili ya kawaida. Vumbi linakaa wapi? Chini. Basi mtoto apande kikapu cha juu kabisa.

— Kikapu cha juu kabisa, Shangazi alisema, ndicho kinachokuja kuwa cha chini.

— Ndiyo maana ashukie juu, alisema Breki.

Walicheka, hata Pindo. Breki hakucheka, alikuwa ameshaiona kona nyingine.

— Tena kuna la wanaokohoa. Mtu akikohoa kikapu cha juu, kikohozi kinaangukia kikapu cha chini. Nilipokuwa na lori nilifuata gari la mchanga safari nzima. Nilifika nyumbani nina mchanga mpaka kwenye meno.

— Gurudumu linazunguka, bwana. Kwa ule mzunguko kirusi chenyewe kinashikwa na kizunguzungu. Hakijui pua ni ipi, sikio ni lipi.

— Gurudumu lile linakwenda taratibu kuliko mama mkwe wangu.

— Kirusi ni kidogo. Kwake yeye ni kasi.

— Na nani alikuwa analizungusha wakati limefungwa? Breki aliuliza. Tusimpandishe mtoto kwenye kitu ambacho hatujui kinajiendesha na nini.

Hilo swali lilikuwa kama mfupa wa kijiwe. Kila siku lilitafunwa, halikuisha. Breki alishikilia kwamba ni panya: wamejaa ndani ya kikapu kimoja, wakila viti, uzito ukavuta. Shangazi alidhani ni mlinzi, na kwamba mtu aliyefungiwa peke yake na bembea zote zile akikataa kugusa hata moja, huyo ndiye wa kuogopwa. Takwimu alingoja wamalize.

— Halikuzunguka kabisa, alisema. Dunia ndiyo inayozunguka, hata watoto wa shule wanajua. Kipindi kile kila kitu kilisimama: magari, viwanda, watu. Gurudumu nalo likasimama kabisa kabisa. Sasa dunia ikawa inazunguka chini yake. Gurudumu lilibaki palepale. Sisi ndio tuliosogea.

Breki aliweka kikombe chini kwa heshima.

— Sisi ndio tuliosogea, Breki alirudia. Bila kutoka nyumbani.

— Bila kutoka nyumbani.

— Na shemeji anasemaje? Shangazi aliuliza.

Alimuuliza Pindo, kwa sauti ileile ya kuulizia sukari. Pindo alizungusha kikombe mkononi, akatazama machicha ya kahawa. Mkewe hakuwa amesema kitu, na hapo ndipo shauri zima lilipokuwa limelala. Wakati wa maradhi mkewe alimzika dada yake kwa mbali, amesimama nje ya uzio wa makaburi, akitazama watu waliovaa mavazi ya plastiki wakifanya kazi ambayo ilikuwa yake. Kutoka hospitalini aliletewa mtandio wa zambarau wa marehemu ndani ya mfuko. Aliufua, akaukunja, akauweka chini kabisa ya sanduku. Tangu hapo hakuvuka duka la kona. Mtoto akiitaja bustani, yeye huinuka kwenda kuangalia chungu kisicho na kitu.

— Hajasema, Pindo alijibu.

— Hajakataa?

— Hajasema.

— Umemuuliza?

Pindo aliinua macho kulitazama gurudumu. Lilikuwa limesimama kupakia watu upande wa chini. Alifikiri kwamba akimpeleka mtoto, mkewe atakaa jikoni kusubiri, na anajua anavyosubiri. Asipompeleka, mtoto atajifunza kwamba neno la babu ni kitambaa cha kushushwa kila likifupika. Alikuja kijiweni ili watu wengine waseme siku, naye aende nyumbani akaseme, "Kijiwe kimeamua." Ni uoga, alijua. Lakini ni uoga wa kawaida. Wanaume wengi wameoa na kuoza kwa mtindo huo.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Breki alisema ghafla.

— Hiyo nayo inaingiaje? Takwimu aliuliza. Maradhi yalikuwa mgeni, na wenyeji hawakupona.

— Sisemi maradhi. Nasema huyo.

Mtu alikuwa amesimama mbele yao, amemshika mtoto mmoja mkono na mwingine amembeba begani, amelala. Alilitazama benchi, akalitazama lango, akawatazama wao waliokaa bega kwa bega, vikombe mkononi, nyuso zimeelekea bustanini.

— Samahanini wazee wangu. Hapa ndipo wanapongojea kuingia?

— Hapana, hapa ni kijiwe tu, alisema Takwimu. Kule kumeshafunguliwa. Unavuka tu.

— Ahaa. Nimewaona mmepanga mstari mnatazama kule. Sasa nyinyi mnangoja nini?

Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayetaka kujua asije akavunja utaratibu. Takwimu alifungua mdomo kutafuta asilimia. Breki alitazama viatu vyake. Pindo aligundua kwamba bega lake la kulia limegusana na la Breki na la kushoto limegusana na la Takwimu, na kwamba kikombe alichoshika si chake, na hakukumbuka tangu lini vikombe vilichanganyika.

Mtu yule alingoja jibu muda wa kutosha, akashukuru kana kwamba amelipata, akavuka barabara na watoto wake.

Shangazi aliliinamisha birika. Lilitoa tone moja, likatoa sauti, basi.

— Limekauka, alisema. Semeni.

— Jumatano, Takwimu alisema, kwa haraka ya mtu aliyefumaniwa. Asubuhi, kabla ya watu kujaa.

— Kikapu chekundu, Breki akaongeza. Mzunguko mmoja. Na barakoa.

— Na Pindo akazungumze nyumbani, alisema Shangazi. Akazungumze, si akatangaze.

— Jumatano, Pindo alisema. Akasimama kujikung'uta.

Gurudumu lilikuwa limeanza tena kuzunguka. Alilitazama kwa mazoea tu, kutafuta kikapu chekundu, na alikikuta upande wa kulia kinapanda. Ndani yake kulikuwa na gauni la manjano.

Kitambaa chake mwenyewe hawezi kukikosea. Lakini gauni lilimchanganya, kwa sababu lilikuwa refu. Lilifunika magoti ya mtoto aliyekuwa amening'iniza miguu. Chini yake, pale manjano yalipoishia, ulizunguka ukanda mpana wa zambarau. Pembeni ya mtoto alikaa mtu mzima aliyevaa barakoa, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umemshika mtoto kiunoni. Bustani ina mlango wa pili, upande wa nyuma, karibu na nyumba yao.

— Yule si shemeji? Breki aliuliza.

Shangazi aliitikia kwa kichwa.

— Lakini kijiwe kimesema Jumatano.

— Yeye hakuwepo kwenye kikao, alisema Shangazi, akaanza kukusanya vikombe.

Pindo alivuka barabara, akakata tiketi ya kuingia tu, akaenda kusimama chini ya gurudumu. Kikapu kilifika kileleni, kikakaa huko kidogo watu wengine wakipakiwa. Mkewe alikuwa amegeuza uso upande wa kilima, yaliko makaburi, ambako hajapeleka mguu tangu siku ya uzio. Alitazama kwa muda wote ule. Mtoto alitazama kila mahali.

Waliposhuka, mtoto alimkimbilia kumwambia kwamba juu kule mtu anaona mpaka dirisha la jikoni, na kwamba dirisha ni dogo sana. Mkewe alikuja nyuma taratibu, akiyapima mawe kwa miguu.

— Kunaonekana, alisema, akishusha barakoa. Kumeota majani. Pasafi.

— Mngenisubiri, Pindo alisema.

— Ulikuwa kikaoni.

Akainama kulinyoosha gauni la mtoto, na hapo Pindo akauona mshono wa zambarau kwa karibu. Umepinda, mahali pengine mrefu, mahali pengine umebana; kazi ya mtu ambaye mumewe ni fundi na hakumuuliza. Mpaka leo hajaufumua.

Kijiwe kiliamua Jumatano. Aliyetekeleza ni bibi, Jumatatu, kwa sindano ya mkono.