Vanila Yenye Alama ya Ramaro

SOAZARA: Haloo? Haloo, nani wewe? Namba hii siijui.

JAOVELO: Mimi, shemeji. Mimi Jaovelo.

SOAZARA: Jaovelo yupi?

JAOVELO: Kwani wako wangapi, jamani! Mdogo wake marehemu Lezoma. Shemeji yako.

SOAZARA: Aa. Habari za huko? Watoto hawajambo?

JAOVELO: Hawajambo. Sikiliza, sina muda—

SOAZARA: Mkeo je? Kile kifua kimepona?

JAOVELO: Kimepona, kimepona! Shemeji, nisikilize. Niko kwa Ramaro.

SOAZARA: Ramaro mnunuzi wa vanila? Si ndiko unakoshinda siku hizi.

JAOVELO: Wamenifunga mikono. Nimekalishwa hapa chini ya mizani, karani wake kanishikia simu sikioni.

SOAZARA: Hebu sogea dirishani, mtandao unakata.

JAOVELO: Nimekwambia wamenifunga!

SOAZARA: Haa. Kwa kosa gani?

JAOVELO: Eti nimemwibia Ramaro vanila ya shambani kwake. Mimi! Gunia zima wamelimwaga chini, kila ganda limechomwa alama yake. RM na kinyota. Wanaokota ganda, wanasoma. Wanaokota jingine, wanasoma. RM, RM, RM...

SOAZARA: Makubwa haya. Na wewe ulikuwa unampelekea nini?

JAOVELO: Vanila.

SOAZARA: Ya wapi?

JAOVELO: Ya... ya huku na huku.

SOAZARA: Maana shamba lako wewe uliliuza zamani. Nilidhani unalima hewa.

JAOVELO: Tuache hayo, shemeji. Wewe njoo useme tu ni zako. Kwamba ulinituma nikuuzie. Basi, wananifungua.

SOAZARA: Zangu zina alama ya SZ. Mwenyekiti wa kijiji kaiandika kwenye daftari lake, na ya Ramaro iko ukurasa wa mbele yake. Kila mkulima na alama yake, nani asiyejua?

JAOVELO: Lakini zimetoka kwako! Kule chini, kando ya mto, ile mistari mitatu ya—

SOAZARA: Enhe? Endelea, sasa nakusikia vizuri.

JAOVELO: Ni wewe.

SOAZARA: Mimi nini?

JAOVELO: Wewe ndiye umezichoma alama ya Ramaro! Kwa mkono wako mwenyewe!

SOAZARA: Kwa sindano nilizozichomeka kwenye kizibo cha chupa. Nilianza maganda yakiwa bado machanga. Moja moja, mgongo ukiniuma mpaka nalia. Kovu lile hukua na ganda, hata ulikwangue halitoki.

JAOVELO: Una wazimu wewe! Mtu anaandika jina la mwenzake kwenye mali yake?

SOAZARA: Mali yangu? Vanila ya ile mistari mitatu haijaingia ndani mwangu tangu nimzike kaka yako. Mavuno mawili nakuta mashina matupu. Wenye akili zao wakaniambia weka uzio, fuga mbwa. Nikafuga mbwa, ukamlisha sumu.

JAOVELO: Mbwa si—

SOAZARA: Subiri. Nikaenda kwa huyo Ramaro. Nikamwambia, bwana, hizi SZ anazokuletea Jaovelo ni zangu, soma alama. Unajua alinijibu nini? Eti kasahau miwani. Nikarudi, nikakaa jikoni, nikajiuliza: kwa nini nahangaika mwizi asiingie? Aingie. Abebe. Lakini abebe cha mtu ambaye akipiga kelele, watu wanaacha wali wao na kukimbia.

JAOVELO: Shemeji, nakuomba—

SOAZARA: Vipi, leo miwani imepatikana?

JAOVELO: Wana marungu hawa! Vijana kama kumi na tano! Askari wameitwa kutoka mjini Antalaha, ila hawa hawana subira ya kungoja askari. Unajua mwizi wa vanila anavyofanywa huku.

SOAZARA: Najua. Nimeona kwa macho yangu. Unamkumbuka Tombo?

JAOVELO: Usimwingize Tombo hapa.

SOAZARA: Mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa akinilindia shamba. Nani alisimama mbele ya kijiji akasema mlinzi ndiye mwizi? Nani alisema "nimemwona mimi"? Wakamchukua wakampiga. Niliwapigia magoti wale watu, Jaovelo. Na wewe nikakupigia magoti. Ukaangalia pembeni.

JAOVELO: Nilikosea.

SOAZARA: Ulikosea njia?

JAOVELO: Nilisema uongo! Haya. Nimesema. Umeridhika?

SOAZARA: Umeniambia mimi tu, na mimi nilikuwa najua. Mwambie karani afungue sauti, wasikie wote.

JAOVELO: Unataka niwatangazie watu hawa kuwa mimi ni mwizi?

SOAZARA: Hilo wanalo tayari, ndiyo maana umefungwa. Nataka wajue Tombo siye. Chagua mwenyewe: mwizi wa Ramaro, au mwizi wa mjane wa kaka yako. Huyo wa kwanza ana marungu. Mimi nina kizibo changu tu.

JAOVELO: Ramaro mwenyewe kasimama hapa ananitazama...

SOAZARA: Vizuri sana. Naye asikie alichokuwa ananunua.

JAOVELO: (kelele za watu) Karani... kaka, tafadhali, kibonyeze hicho, ndiyo, hicho. Jamani! Jamani nisikilizeni! Vanila hii si ya Ramaro. Ni ya Soazara, mke wa marehemu kaka yangu. Nimemwibia. Na mwaka jana, na mwaka juzi, ni mimi. Tombo hakuchukua hata ganda moja. Nilimsingizia. Nilimsingizia, jamani! Shemeji, nimesema. Umesikia? Sasa waambie! Waambie alama umechoma wewe! Shemeji? Haloo! Usikate!

SOAZARA: Nipo. Napumua.

JAOVELO: Wanasema maneno ya simu hawayataki. Wanataka kuona hizo sindano.

SOAZARA: Nimeshampa Tombo. Ndiye huyo anatoka mlangoni.

JAOVELO: Tombo? Si alihamia mjini Sambava?

SOAZARA: Amerudi juzi. Nilikuwa nimemkalisha hapa ubavuni mwangu. Amesikia kila neno.

JAOVELO: Huyo atataka nife! Akifika atakana kuwa umechoma wewe!

SOAZARA: Labda. Nimempa kizibo, sikumpa maneno. Atakachosema ni chake. Nyie vijana, kama mnanisikia: msimguse. Namtaka mzima, amtazame mwenzake usoni.

JAOVELO: Basi sawa, sawa... Ni mwendo wa saa moja tu. Mwambie akaze, shemeji. Ramaro anasema anasubiri saa moja, haongezi.

SOAZARA: Kwake saa moja ilikuwa zamani.

JAOVELO: Kwa nini zamani? Mwambie akimbie! Karani anasema salio linakwisha, mwite, mwambie akimbie!

SOAZARA: Kwa mguu upi, Jaovelo? Ule mliomvunja?

JAOVELO: Sheme—

(Simu imekatika.)