Bi. Eirlys na Akina Thomas Watano

Tarehe 31 Machi 2024, Bi. Eirlys Prosser anastaafu baada ya miaka arobaini na mitatu katika ofisi ya uchaguzi ya jimbo letu la Cwm Erwyn.

Alianza mwaka 1981, mgodi ukiwa bado unapumua na wanaume wakija kupiga kura na vumbi la makaa ya mawe kwenye kope. Mgodi ukafungwa, kiwanda cha chuma kikafuata, wabunge wakaja na kwenda. Yeye alibaki pale mezani kwenye kituo chetu cha kura, Ukumbi wa Wachimbaji, na rula yake na chupa ya chai.

Nani amesahau uchaguzi wa 1987? Mtaa wa Juu ulikuwa na wanaume watano wenye jina lile lile, Thomas Thomas. Karani mgeni akapiga mstari kwenye jina la Thomas asiyehusika, basi Thomas mzika maiti alipofika akaambiwa jina lake limekatwa, ameshapiga kura. Akafoka, "Dada, hapa mzikaji ni mimi. Mimi nani kanizika?" Bi. Eirlys hata kichwa hakuinua: "Aliyepita ni Thomas Mkate. Tazama, kaacha unga mezani." Kosa likarekebishwa, mzikaji akapiga kura yake. Tangu siku hiyo Bi. Eirlys akawa na daftari la majina ya utani ya mtaani na hali ya kila mtu.

Daftari hilo ndilo lililotuokoa. Mwaka jana tuliambiwa jimbo letu, lenye zaidi ya miaka mia, linaunganishwa na la bonde la pili, na kituo chetu kitafungwa. Wazee wetu washuke maili mbili kisha wapande tena, na mapafu yale ya vumbi! Mimi nilishakata tamaa. Yeye alisimama mbele ya wakubwa wa uchaguzi akasoma daftari lake: Thomas Treni, kila hatua ishirini anapumzika. Megan Maziwa, magongo mawili. Alipofika jina la arobaini mwenyekiti akasema, "Basi, mama, basi! Ukumbi ubaki."

Jimbo limekwenda, ukumbi upo.

Mimi alinipokea kazini nikiwa na mtoto mchanga. Alimfunga mwanangu Nia kwa shali kifuani, kama walivyofanya bibi zetu, huku akinifundisha kazi. Sheria yake ni moja: hata mama yako mzazi akija, muulize jina.

Asante, Bi. Eirlys. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na chai ya moto. Uchaguzi ujao kiti chako nitakikalia mimi, na ukiingia nitakuuliza jina. Njoo mapema, kabla ya akina Thomas.